Kuchagua na Kubadilisha Oili ya Injini ya Pikipiki Inayopozwa kwa Hewa

Injini inayopozwa kwa hewa haina rejeta, haina maji, wala haina pampu ya kuyazungusha. Joto ambalo halikutoka na moshi kupitia eksozi hubaki na njia mbili za kutokea. Njia ya kwanza ni mapezi ya silinda, ambayo hupigwa na upepo pikipiki inapokwenda. Njia ya pili ni oili, ambayo hulibeba joto kutoka chini ya pistoni, kwenye ringi, kwenye beringi na kwenye kichwa cha silinda, kisha ikalishusha hadi chini ya injini, ambako ganda la alumini hulitoa nje. Pikipiki inapokwama katika foleni, au inapopanda mlima polepole ikiwa na mzigo, upepo hupungua ilhali moto ndani ya silinda unaendelea kuwaka, na mzigo wa kupoza huiangukia oili kwa kiasi kikubwa zaidi. Injini inayopozwa kwa maji ina kifaa cha kulidhibiti joto ili lisipande wala kushuka mno. Hii ya hewa hupata moto na kupoa kulingana na mwendo, mzigo na hali ya hewa ya siku hiyo.

Hiyo ni kazi moja tu. Katika pikipiki nyingi zenye klachi ya mkono au gia za kukanyaga, oili hiyohiyo moja hulainisha injini, huzunguka katika meno ya gia, na huzilowesha sahani za klachi. Katika gari, kwa kawaida giaboksi ina oili yake, na klachi ya gari la gia za mkono huwa kavu. Tofauti hii ndiyo inayotawala uchaguzi wote, na mtu akiielewa vizuri, maandishi mengi yaliyo kwenye chupa ya oili huacha kuwa fumbo.

Anza na klachi, si na unene

Watu wengi huanza kwa kuuliza kama wanunue oili nzito au nyepesi. Kwa maoni yangu swali hilo ni la pili. La kwanza ni kama oili hiyo inaruhusiwa kabisa kuingia katika injini yenye klachi inayolowa, na jibu lake liko katika herufi za kiwango cha JASO, ambacho ni kiwango cha Japani kilichotungwa mahususi kwa oili za pikipiki zenye injini ya mipigo minne. Oili ya kundi la MA imepimwa na kuonekana kwamba inaacha msuguano wa kutosha kati ya sahani za klachi, ili zishikane badala ya kuteleza. Tangu mwaka 2006 kundi hilo limegawanywa katika MA1 na MA2, na MA2 ndiyo yenye msuguano mkubwa zaidi. Kundi la MB lina msuguano mdogo na limekusudiwa skuta na pikipiki nyingine ambazo klachi yake ni kavu na imetengwa na oili ya injini. Ukiweka MB katika pikipiki yenye klachi inayolowa, huenda usione tatizo siku ya kwanza, lakini mzigo ukizidi au mlima ukiwa mkali utasikia injini ikipandisha mngurumo huku mwendo ukibaki palepale. Hiyo ni klachi inayoteleza, na kuteleza huko huziunguza sahani zake.

Hatari hiyohiyo ndiyo sababu ya kuonywa kuhusu oili za magari. Oili nyingi za magari ya petroli, hasa zile nyepesi, hutiwa viungio vya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta. Nyingi kati yake huwa na alama ya duara ya API (Taasisi ya Petroli ya Marekani) ambayo sehemu yake ya chini imeandikwa "Resource Conserving", au kwa chupa za zamani "Energy Conserving". Maneno hayo ni sifa njema kwa gari, lakini kwa klachi ya pikipiki ni onyo. Kutokuwepo kwa maneno hayo, hata hivyo, hakutoshi kuwa ruhusa, kwa sababu oili ambayo haikupimwa kwa ajili ya klachi inayolowa haitoi ahadi yoyote juu yake. Oili za malori ya dizeli nazo hutumiwa na baadhi ya watu kwa hoja kwamba zinavumilia kazi ngumu. Hoja ina ukweli wake, lakini ikiwa chupa haina alama ya JASO MA, basi mtumiaji anabahatisha. Oili ya injini za mipigo miwili, ile inayochanganywa na petroli ili iungue nayo, haina nafasi kabisa katika injini ya mipigo minne, hata kama chupa yake ina picha kubwa ya pikipiki.

Mnato na maana ya namba

Namba kama 10W-40 au 20W-50 zinaeleza mnato, yaani jinsi oili inavyopinga kutiririka, kwa mujibu wa kiwango cha SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari. Namba iliyotangulia herufi W inahusu oili ikiwa baridi: ikiwa ndogo, oili hutiririka kwa urahisi zaidi injini inapowashwa katika baridi. Namba ya mwisho inahusu oili ikiwa ya moto, na hupimwa kwenye nyuzijoto 100 za Selsiasi. Katika joto hilo, oili ya daraja la 30 huwa na mnato kuanzia sentistoki (kizio cha mnato) 9.3 hadi chini ya 12.5, daraja la 40 kuanzia 12.5 hadi chini ya 16.3, na daraja la 50 kuanzia 16.3 hadi chini ya 21.9. Ni vyema kukumbuka kwamba 10W-40 haiwi nzito inapopata moto. Oili zote huwa nyepesi zaidi joto linapopanda. Ile yenye namba mbili hupungua mnato kwa kasi ndogo kuliko ile ya namba moja, basi.

Sasa ipi ifae? Kitabu cha pikipiki ndicho chenye kauli ya kwanza, na vitabu vingi huwa na jedwali linalolinganisha daraja la oili na joto la mazingira. Fuata jedwali hilo hata pale ambapo mazoea ya watu yanasema vingine. Injini nyingi za zamani zinazopozwa kwa hewa ziliundwa kwa kuzingatia oili nzito kama 20W-50 au 20W-40, hasa katika maeneo ya joto, kwa kuwa nafasi kati ya pistoni na silinda huachwa kubwa kidogo ili chuma kipate pa kutanukia. Lakini ziko injini za kisasa za hewa ambazo mtengenezaji ameagiza 10W-30, na mifereji ya oili, pampu na beringi zake vimepimwa kwa oili hiyo. Kumimina 50 katika injini ya namna hiyo kwa imani kwamba oili nzito hulinda zaidi ni kuinyima sehemu ya juu, kwenye kemshafti (mhimili unaofungua valvu), oili ya haraka wakati wa kuwasha. Na sehemu kubwa ya ulikaji hutokea katika dakika hizo za mwanzo. Kinyume chake, katika eneo ambalo baridi haishuki hata karibu na nyuzi sifuri, hakuna faida ya maana ya kutafuta 0W au 5W kwa pikipiki ambayo kitabu chake kinaruhusu 15W au 20W.

Kuna jambo jingine ambalo namba za chupa hazilisemi. Oili yenye namba mbili hupata uwezo wake kwa sehemu kutokana na polima ndefu (molekuli zenye umbo la mnyororo) zilizochanganywa ndani yake, na meno ya gia hufanya kazi ya kuzikatakata polima hizo. Katika gari oili ya injini haipiti katika meno ya giaboksi. Katika pikipiki hupita kutwa nzima. Kwa hiyo oili iliyoingia ikiwa daraja la 50 inaweza, baada ya muda, kushuka hadi mnato wa daraja la 40, na ya 40 ikakaribia 30, hata kama bado inaonekana safi. Gia zinazoanza kuingia kwa kelele, au kupata shida ya kupata gia huru pikipiki ikiwa imesimama, mara nyingi ni dalili ya kwanza ya hali hii, na dereva makini huisikia kwenye mguu wake kabla ya kuiona popote.

Herufi za API, aina za oili na viungio

Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, hupanga oili za injini za petroli kwa herufi mbili zinazoanza na S. Herufi ya pili inavyosonga mbele katika alfabeti, ndivyo kiwango kinavyokuwa cha baadaye: SL ilikuja 2001, SN ikaja 2010, na SP ikaja 2020. Vitabu vya pikipiki nyingi ndogo hutaja SG, SJ, SL au kiwango cha juu zaidi, na oili yoyote yenye JASO MA na kiwango hicho inafaa. Jihadhari na makopo ya bei ya chini yaliyoandikwa SA au SB kwa herufi ndogo mgongoni. API yenyewe inasema SA haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1930, kwa kuwa haina viungio vya kinga.

Kati ya oili ya madini, ya nusu sintetiki na ya sintetiki kamili, tofauti kubwa kwa injini ya hewa ni jinsi kila moja inavyovumilia joto. Oili inapopata moto huungana na oksijeni, hunenepa, hutengeneza asidi na kuacha utando wa kahawia kwenye ringi. Na kwa makadirio yanayotumiwa sana, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huuzidisha mwendo wa badiliko hilo takriban mara mbili. Sintetiki nzuri huchelewa kufika huko, na pia hupotea kwa mvuke kwa kiasi kidogo kuliko ya madini, jambo ambalo lina uzito katika injini yenye oili isiyozidi lita moja na ushee. Pamoja na hayo, nashikilia kwamba oili ya madini yenye viwango sahihi, ikibadilishwa kwa wakati, ni bora kuliko sintetiki ghali iliyoachwa ndani kwa sababu mwenyewe anaionea uchungu kuimwaga. Dhana kwamba sintetiki huharibu klachi ni ya bure. Kinachoiponza klachi ni viungio vya kupunguza msuguano, na hivyo vinaweza kuwamo katika oili ya aina yoyote.

Chupa ndogo za dawa za kuongeza nguvu ya oili ziachwe dukani. Oili iliyokamilika tayari ina viungio vyake kwa vipimo, kikiwemo kiungio cha zinki na fosforasi kinacholinda kemshafti na roka (vikono vinavyosukuma valvu), na kiwango cha JASO huitaka fosforasi iwe kati ya asilimia 0.08 na 0.12. Anayeongeza molibdeni au unga mwingine juu yake anakivuruga kipimo hicho, na wa kwanza kulalamika huwa klachi.

Kabla ya kulipa, kagua kifuniko. Pete ya kifuniko iwe haijakatwa, karatasi ya muhuri iliyo chini yake iwe haijabanduliwa wala kugundishwa upya, na namba ya toleo la kiwandani iwe imechapwa kwenye chupa na isifutike kwa kidole. Oili iliyotumika ikachujwa na kutiwa katika chupa halisi ni udanganyifu wa zamani, na dawa yake mojawapo ni wewe mwenyewe kuitoboa au kuikata chupa yako tupu kabla ya kuitupa.

Ibadilishwe lini

Injini mpya, au iliyofungwa pistoni na ringi mpya, humwagwa oili mapema, kwa kawaida kati ya kilomita 500 na 1,000, kwa kuwa vyuma vinavyozoeana huacha chembechembe nyingi. Baada ya hapo vitabu vingi vya pikipiki ndogo hutaja kipindi kilichoko kati ya kilomita 2,000 na 6,000, na tofauti hiyo kubwa hutokana na muundo wa injini, ukubwa wa tangi la oili na aina ya chujio.

Kilomita, hata hivyo, ni kipimo kinachodanganya. Pikipiki inayokwenda wastani wa kilomita 50 kwa saa hufikisha kilomita 2,000 baada ya saa 40 za injini kuunguruma. Ile inayofanya kazi mjini, ikisimama na kuondoka, ikiwa na wastani wa kilomita 20 kwa saa, huhitaji saa 100 kufika hapohapo, na saa hizo ni zenye upepo haba, breki nyingi na klachi iliyobanwa nusu. Mita inasoma sawa lakini oili hizi mbili hazifanani hata kidogo. Anayebeba abiria au mizigo mjini asichukue namba ya juu ya kitabu kama haki yake. Vitabu vingi huweka kipindi kifupi kwa matumizi magumu, na matumizi yake ndiyo hayo. Safari fupi mno zina ubaya wa namna nyingine, kwani injini haipati joto la kutosha kuufukuza unyevu na petroli iliyopenya kwenye oili. Pikipiki inayokaa sana bila kutumika nayo ibadilishwe oili angalau mara moja kwa mwaka.

Rangi peke yake isikuamulie. Oili yenye viungio vizuri vya kusafisha huwa nyeusi mapema kwa sababu inafanya kazi ya kubeba masizi, na ile inayobaki ya dhahabu kwa muda mrefu huenda imeuacha uchafu ukiwa umeganda ndani ya injini.

Kumwaga oili ya zamani

Tayarisha kwanza kila kitu: oili mpya ya kutosha, beseni pana la kukingia, spana au soketi inayoenea barabara kwenye nati ya kumwagia, washa mpya (pete bapa ya kuziba) ya nati hiyo, chujio jipya ikiwa injini yako inalo la karatasi, faneli safi, kitambaa kisichoacha nyuzi, na glavu. Glavu si mapambo, kwa sababu oili iliyotumika ina mabaki ya moto ambayo yakizoeleka kwenye ngozi kwa miaka yanaweza kusababisha saratani.

Washa injini dakika tatu hadi tano, au fanya kazi hii baada ya mwendo mfupi, kisha izime na uiache itulie kidogo. Lengo ni oili iwe vuguvugu, itiririke na kuzoa uchafu wake, bila kuwa ya kuunguza. Oili iliyopoa kabisa hutoka polepole na huacha sehemu ya taka chini. Simamisha pikipiki wima kwa stendi ya kati mahali palipo sawa. Ikiwa ina stendi ya pembeni tu, mtu wa pili aishike. Futa vumbi na mchanga kuzunguka kifuniko cha kujazia na nati ya chini kabla ya kufungua chochote, kisha legeza kifuniko cha juu ili hewa iingie na oili ishuke kwa mtiririko mmoja.

Hakikisha kwamba nati unayoifungua ndiyo yenyewe. Chini ya injini ndogo nyingi kuna nati ya kawaida ya kumwagia, na kando yake kuna kifuniko kikubwa cha chujio la wavu ambacho kina springi nyuma yake. Kifuniko hicho kikitoka ghafla, springi na wavu huangukia kwenye beseni, na asiyekumbuka mpangilio wake atavirudisha kinyume. Kifungue taratibu ukikisukuma kwa kiganja, tazama kipi kilitangulia kipi, osha wavu kwa petroli au mafuta ya taa nje ya injini, ukaushe vizuri, na uchunguze ule mpira wa duara wa kifuniko kama haujakauka au kupasuka.

Acha oili ichuruzike hadi ibaki matone ya hapa na pale. Usipige kiki kwa nguvu kwa nia ya kukamua kilichobaki, na wala usimimine dizeli au mafuta ya taa ndani kwa ajili ya kusuuza. Kimiminika hicho hakitoki chote. Hubaki kwenye mifereji na kwenye klachi, kikaenda kuipunguza mnato oili mpya ambayo umetoka kuilipia.

Chujio la karatasi lina pande mbili zisizofanana. Katika aina nyingi, upande mmoja una tundu la kuingia kwenye bomba la injini na mwingine umezibwa, na mara nyingi chujio lenyewe limeandikwa upande unaotakiwa kutazama nje. Likigeuzwa, oili inaweza kuzuiwa isifike kwenye kemshafti. Paka oili kidogo kwenye mipira yake kabla ya kufunga. Injini nyingine ndogo hazina karatasi kabisa. Zina kikombe kinachozunguka mwishoni mwa krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ambacho huutupa uchafu pembeni kwa nguvu ya mzunguko. Kikombe hicho husafishwa kwa vipindi virefu vinavyotajwa kitabuni, na kukifikia huhitaji kufungua kifuniko cha upande wa klachi na kuweka gasketi mpya, kazi ambayo asiyeizoea na amwachie fundi.

Kabla ya kuendelea, isome oili iliyotoka. Unga mwembamba unaong'aa kwenye sumaku ya nati, ikiwa inayo, ni wa kawaida. Vipande vinavyohisiwa kwa vidole si vya kawaida, na vinaweza kuwa vya gia au beringi. Vipande vyeusi au vya kahawia vyenye harufu ya kuungua huenda vinatoka kwenye sahani za klachi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji, ama kwa unyevu wa safari fupi au kwa kuoshewa na mashine ya maji ya nguvu. Ikinuka petroli sana, au kipimo kikiwa kimepanda badala ya kushuka tangu ulipojaza, chunguza kabureta, kwa kuwa sindano ya chemba ya kuelea isiyofunga huacha petroli ivuje hadi ndani ya injini. Kubadilisha oili bila kutengeneza kasoro hiyo ni kumwaga fedha.

Kufunga, kujaza na kupima

Nati irudi na washa mpya. Ianze kwa vidole, izunguke mizunguko kadhaa bila ukinzani, na spana ije mwisho kabisa. Ganda la injini ni la alumini ilhali nati ni ya chuma, kwa hiyo anayekaza kwa nguvu zote hung'oa uzi wa upande wa injini, na kuutengeneza hugharimu zaidi ya chupa nyingi za oili. Nati za kawaida za upana wa milimita 12 kwenye uzi mara nyingi huagizwa kukazwa kati ya nyutonimita 20 na 30, lakini kipimo cha kitabu chako ndicho cha kufuata. Asiye na spana ya kipimo atumie spana fupi, aache mara tu washa inapobanwa, kisha aongeze kidogo tu. Kinachozuia oili kuvuja ni washa. Nguvu za mkono hazina kazi hiyo.

Katika kiasi cha oili ndipo penye makosa mengi kuliko mahali pengine pote. Kitabu hutoa namba mbili au tatu: kiasi cha baada ya kumwaga tu, kiasi cha baada ya kubadilisha na chujio, na kiasi cha injini iliyofunguliwa yote. Kubwa kuliko zote si yako, kwa sababu oili kidogo hubaki ndani kila unapomwaga. Mazoea ya kumimina chupa nzima ya lita moja bila kuangalia huzidisha katika injini inayotaka lita 0.8, na hupunguza katika ile inayotaka 1.2. Mimina kwanza karibu asilimia 90 ya kiasi kilichotajwa, funga kifuniko, washa injini, na uiache ingurume taratibu dakika mbili au tatu bila kuvuta akseleta. Tazama chini kama panavuja. Baadhi ya injini zina bolti ndogo kwenye kichwa cha silinda ya kuhakikishia kwamba oili imefika juu: hulegezwa kidogo injini ikiwa inanguruma taratibu, na oili ikichungulia hukazwa, isipoonekana ndani ya dakika moja, zima injini na utafute sababu.

Zima, subiri dakika mbili au tatu, kisha pima pikipiki ikiwa wima kabisa, kwani ikilala kidogo tu kwenye stendi ya pembeni kipimo hupotoka. Hapa pana jambo dogo lenye madhara makubwa. Pikipiki nyingi hupimwa kijiti cha kupimia oili kikiwa kimeingizwa bila kuzungushwa kwenye uzi wake; nyingine hupimwa kikiwa kimefungwa. Tofauti ya urefu wa uzi huo yatosha kuifanya injini iliyopungukiwa ionekane imejaa, kwa hiyo soma agizo la kitabu mara moja na ulikariri. Ongeza kidogo kidogo hadi oili isimame karibu na alama ya juu bila kuivuka. Oili iliyozidi huchapwa na krenki, hutoa povu, hupanda kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye kisafisha hewa, na huzisukuma sili. Oili iliyopungua huanza kwa kupata moto kupita kiasi, na kwa kuwa pikipiki nyingi ndogo hazina taa ya kuonya, dereva hupata habari pistoni ikiwa imekwisha kukwaruza silinda.

Kwa sababu hiyohiyo, kupima oili kati ya badiliko moja na jingine kuna thamani kuliko ubishi wote juu ya jina la kampuni. Injini ya hewa hula oili kidogo hata ikiwa nzima, na hula zaidi ikizeeka au ikikimbizwa kwa mwendo wa juu kwa saa nyingi. Pima kila wiki ikiwa pikipiki inafanya kazi kila siku, na pima siku moja baada ya kubadilisha, ukikagua pia nati ya chini kwa kuipitisha kitambaa kikavu. Ukilazimika kuongeza, ongeza aina na daraja lilelile. Likikosekana, oili nyingine yenye JASO MA na mnato wa karibu ni salama kuliko kuendelea na safari kipimo kikiwa chini ya alama. Moshi wa buluu unaotoka pamoja na upungufu wa mara kwa mara unamaanisha ringi au sili za valvu zimechoka, na kupanda daraja la oili kutauficha moshi huo kwa muda tu.

Oili chakavu itiwe katika chombo chenye kifuniko kinachobana na ipelekwe kwa wanaoikusanya ili itumike tena kiwandani, kwa mfano kwenye gereji au kituo cha mafuta kinachoipokea. Usiichanganye na petroli, maji ya betri wala rangi, kwani mchanganyiko huo hauwezi kusafishwa tena. Isimwagwe ardhini wala mtaroni, na isipakwe kwenye mnyororo wa pikipiki kama wengi wanavyofanya: chembe za chuma na asidi ulizozitoa kwenye injini zitahamia kwenye pini za mnyororo na meno ya sproketi, na huko hakuna chujio la kuzizuia.